Kioo cha Ghorofa ya Pili

Watu wa jengo lile walimwita Mzee Afadhali, na wala hakuwa mzee wa kukongojea. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mgongo umenyooka, na funguo arobaini na mbili zinamning'inia kiunoni zikimtangazia njia kila aendako. Jina alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimlalamikia kwamba maji hayapandi, atakwambia afadhali nyinyi mnaopata ya asubuhi, wenzenu wa jengo la pili wana wiki mbili wanachota kwa ndoo. Ukimwambia panya amekula sabuni, atakuuliza kama amekula na viatu. Akisikia hapana, atakwambia basi huyo panya ana adabu zake. Mpangaji mmoja aliteleza kwenye ngazi akavunjika mkono, na kabla gari la wagonjwa halijafika Afadhali alikwisha kumwambia ashukuru ni wa kushoto. Mpangaji yule alikuwa anaandikia kushoto.

Lakini tusimwonee. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi yake ilionekana. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akilitunza jengo lile la ghorofa tano, na kitu kikiharibika kwenye ngazi zake hakikulala kimeharibika. Taa ikiungua asubuhi, jioni inawaka. Kigae kikibanduka, kesho yake huwezi kukitambua ni kipi. Mkewe alizoea kusema kwamba siku atakapokufa yeye, mumewe atasimama mlangoni awaambie waliokuja kumzika kuwa afadhali marehemu, amefia kitandani kwake. Alisema kwa utani, ila hakuwa akicheka sana.

Walikaa wawili hao katika chumba cha chini, kando ya ngazi. Chumba kilikuja na kazi, na siku kazi ikiisha kingekwenda nayo. Hilo walilijua na hawakuwa na haja ya kukumbushana.

Ufa ulitokea baada ya kiwanja cha jirani kuanza kuchimbwa. Mashine zilinguruma pale wiki tatu, zikaacha shimo la kutisha ubavuni pa jengo, ambamo nyumba ya ghorofa moja ingeweza kuingia na paa lake. Halafu siku moja Afadhali, akipiga deki, akaona mstari mwembamba kama uzi wa kushonea ukipanda kwenye ukuta wa ngazi. Ulianzia chini ukaishia ghorofa ya tatu. Kwenye ghorofa ya pili ulipita hatua moja tu kutoka mlango wa binti yake.

Binti huyo alikuwa wa pekee. Alipanga pale na mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu aliyeonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, na wakati huo alikuwa na mimba ya kuhesabu siku. Chumba chao kilikuwa kidogo, kwa hiyo kitanda kilisukumwa kikaegemea ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa ndio huo wa ngazi, kwa upande wake wa ndani.

Mwenye jengo alileta mhandisi, mwanamke kijana kutoka nje, mwenye kofia ngumu ya njano na asiyejua lugha ya watu wale, anazungumza Kiingereza tu. Siku ya kwanza mwenye jengo alikuja naye, akawa anatafsiri. Mhandisi alipanda na kushuka, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema kwamba ukilinganisha na nyufa alizowahi kuziona, huu ni kunyanzi kwenye shati. Afadhali aliposikia hivyo alimpenda papo hapo. Kisha mhandisi akatoa vipande vinne vya kioo, vyembamba, urefu wa kidole, akavibandika kwa gundi nzito vikiukatiza ufa, kimoja kila ghorofa, na juu ya kila kimoja akaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Mwenye jengo akamkabidhi Afadhali karatasi yenye visanduku. Kila Ijumaa atazame vioo, aandike kama ni vizima au la. Mhandisi angerudi baada ya wiki sita.

Maelekezo yalikuwa wazi na Afadhali aliyaelewa yote. Jambo ambalo hakuuliza ni kwa nini kioo, kitu kinachovunjika kwa kutazamwa, kiwekwe kwenye ngazi wanakopita watoto na magodoro. Aliona ni ujinga wa wasomi, akajipa mwenyewe kazi ya kuvilinda. Kando ya kila kipande alibandika kadibodi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: USIGUSE.

Wiki haijaisha, binti akashikwa na uchungu. Walimpeleka hospitali alfajiri, na saa sita mchana Afadhali akarudi mbio kuchukua kanga na chupa ya chai, roho ikimruka kwa furaha kwa kuwa mtoto amekwisha kuzaliwa, wa kiume, analia kwa sauti ya kudai haki zake. Akipanda ngazi akakiona kioo cha ghorofa ya pili. Kilikuwa kimevunjika katikati.

Aliwatukana watoto wa ghorofa ya nne na mpira wao, kimoyomoyo, kwa kuwa siku yenyewe haikuwa ya kugombana. Kesho binti yake angepanda ngazi zile amembeba mjukuu, na Afadhali hakutaka kitu cha kwanza kumlaki mtoto kwenye ngazi za babu yake kiwe kitu kilichovunjika. Chini alikuwa na kioo cha dirisha la zamani. Akakata kipande sawasawa na kile, akakibandika pale pale, akaandika tarehe. Aliandika ile ile ya mhandisi, na saba akaipiga mstari katikati kama alivyoipiga yeye. Ijumaa ilipofika akaweka alama kwenye kisanduku cha kizima. Nafsi haikumsuta hata kidogo, maana kioo kilikuwa kizima kweli.

Wiki ya tatu kilivunjika tena. Siku hiyo watoto walikuwa shuleni kwenye mitihani, mpira haukuwapo, kwa hiyo lawama zikawaendea waliopandisha jokofu juzi yake. Wiki ya tano kikavunjika mara ya tatu, na safari hii hakukuwa na mpira wala jokofu. Afadhali akalaumu kioo: cha zamani, kimechoka. Akakata kingine. Lakini mikono yake ilikuwa mizito, na tangu siku hiyo akawa na wasiwasi mdogo usiomwachia. Akiamka anao. Akipiga deki anao, na akifika ghorofa ya pili anatazama pembeni. Alijipoza kwa dawa yake ile ile. Vioo ni vinne, kinachosumbua ni kimoja. Afadhali kimoja.

Kilichomtia wasiwasi zaidi, alijidanganya, ni Kiingereza. Mwenye jengo alipiga simu kusema safari hii hatakuja, mhandisi atakuja peke yake Alhamisi saa nne. Afadhali, ambaye Kiingereza chake cha shule kilikwisha kupata kutu, akapanda hadi ghorofa ya nne kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa mwanamke mstaafu aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na bado alikuwa akizungumza kana kwamba kuna mtu anapiga kelele nyuma ya darasa. Walikubaliana haraka: yeye atamfundisha Kiingereza cha kila siku, cha mtu na mtu, naye atamtengenezea mabomba yake yote mawili.

Jumanne walifika kwenye sura aliyoipenda Mwalimu kuliko zote, ya kulinganisha mambo ili yaonekane kwa ukubwa wake. Waingereza, alimweleza, hawawezi kukaa bila hili. Eneo likiwa kubwa watalipima kwa viwanja vya mpira. Kitu kikiwa kirefu watakipanga kwa mabasi. Balaa likiwapata hawalikani, bali wanalisogeza karibu na balaa kubwa zaidi mpaka linywee. Wana angalau yao ya kila saa. Wana namna ya kusema ingekuwa mbaya zaidi, na namna ya kusema huo si mwisho wa dunia, na wanaweza kuyasema hayo wamesimama ndani ya maji ya mafuriko yanayowafika magotini.

Afadhali alifurahi kama mtu aliyegundua ana ukoo ng'ambo. Kumbe, alisema, hawa ni ndugu zangu kabisa.

Mwalimu alicheka. Kisha akavua miwani, na sauti yake ikawa ya darasani.

"Lakini kulinganisha kuna kazi mbili, ndugu yangu. Moja ni kumpoza mtu. Nyingine ni kujua. Hiyo ya kwanza unaiweza kuliko mimi. Ya pili sijakuona ukiifanya hata siku moja."

Akampa kazi ya nyumbani: achague vitu vitano, akilinganishe kila kimoja na chenyewe, kilivyokuwa mwezi uliopita na kilivyo leo. Sentensi tano za Kiingereza, na asimpoze mtu yeyote humo ndani.

Kazi ya nyumbani aliifanya kama wanafunzi wote wanavyoifanya, yaani dakika za mwisho. Alhamisi saa moja asubuhi, mkewe ameshakwenda sokoni, akakaa mezani na kalamu. Ngazi ni safi kuliko zilivyokuwa. Mjukuu ni mzito kuliko alivyokuwa. Hiyo aliiandika huku anatabasamu. Bomba la Mwalimu linavuja kidogo kuliko lilivyovuja. Ya nne akataka kuandika kuhusu kioo cha ghorofa ya pili, kwa sababu mhandisi angekuja na angefurahi kusikia habari za kioo kwa Kiingereza. Sasa alinganishe nini? Akakumbuka kwamba vile vilivyovunjika hakuvitupa. Mtu wa kazi hatupi kitu. Vilikuwa kwenye kopo la misumari chini ya kitanda.

Akavimwaga mezani, akavipanga viwili viwili, kila nusu na mwenzake.

Kwanza hakuona kitu. Halafu akaona, na kalamu ikamtoka mkononi. Vyote vitatu vilikuwa vimevunjika mahali pamoja. Hapakuwa na vipande vidogo wala nyufa za kutawanyika kama kioo kinavyofanya kikipigwa na mpira. Hapakuwa na mkwaruzo wa jokofu. Ni mstari mmoja tu, umenyooka, umelalia upande ule ule, mara tatu. Kioo cha mhandisi kilivunjika hivyo, na kioo chake cha dirisha kikavunjika hivyo, na kingine tena. Havikuwa vimegongwa na mtu. Vilikuwa vimevutwa.

Alipanda ngazi mbili mbili, funguo zikipiga makelele. Kioo cha nne, kile alichokibandika siku tisa zilizopita, kilikuwa bado kizima. Aliinama chini yake, akaweka ukucha kwenye ufa. Siku ile ya deki ukucha haukuwa na pa kuingia. Sasa uliingia wote, na ncha ya kidole ikataka kuufuata.  Alielewa kwa mara ya kwanza kwamba kioo kiliwekwa pale ili kivunjike, kwamba kazi yake kioo ni kuvunjika, na kwamba kwa wiki tano yeye ndiye aliyekizuia kusema.

Ilikuwa saa moja na nusu. Mhandisi angekuja saa nne.

Aligonga mlango wa binti yake kabla hajajua atasema nini. Binti alifungua macho yamemvimba kwa usingizi. Mtoto alikesha analia, alinong'ona, ndiyo kwanza amelala, Baba usimwamshe. Afadhali alitazama juu ya bega lake. Mjukuu alikuwa kitandani, upande wa ukutani ili asianguke, ngumi moja imefunguka ikigusa lipu.

"Mtoto anahitaji jua," alisema. "Mtoe nje kidogo."

"Jua la saa moja, Baba?"

"Basi mteremshe kwa bibi yake."

"Bibi yake yuko sokoni." Binti alimtazama vizuri. "Kwani kuna nini?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema.  Aliona chumba chao cha chini, kitanda na kabati na jiko la mkewe, vyote vimetolewa vimepangwa barabarani. Aliona wapangaji thelathini wakiuliza karatasi ile aliijaza nani. Akajiambia kwamba ukuta uliosimama wiki tano hauwezi kushindwa kusimama saa mbili na nusu, kwamba afadhali aseme mwenye utaalamu, na kwamba kumtia hofu mzazi ni vibaya, maziwa hukauka. Alimwambia hakuna kitu, alale. Mlango ukafungwa taratibu, na yeye akabaki amesimama pale akijichukia.

Hakushuka. Alipanda kwa Mwalimu, akamkuta anakunywa chai, akamuuliza bila hata salamu unasemaje kwa Kiingereza nilibadilisha kioo.

Mwalimu aliweka kikombe chini. Chumba chake nacho kilikuwa upande ule. Hakuuliza kioo gani.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Mwalimu akamsogezea kiti, na Afadhali akatamani angetukanwa. Kisha akamfundisha. Sentensi ilikuwa fupi, akamrudisha nayo mara sita hadi matamshi yakakaa sawa. Afadhali alitaka kuongeza nyuma yake kwamba angalau vile vitatu vya ghorofa nyingine havijavunjika. Mwalimu akamwambia hiyo aiache. Akainuka, akavaa viatu, akachukua mkoba wake na bahasha ya vyeti, akateremka kwenda kumsubiri mhandisi barabarani.

Mhandisi alichelewa. Saa nne ikapita, ikaingia na robo. Afadhali alikuwa kwenye ngazi na ufagio asiofagia nao, kopo la misumari chini ya kwapa, akisikiliza. Jengo la zamani halikosi sauti zake, na miaka yote hiyo aliishi nazo bila kuzisikia. Asubuhi hiyo alizisikia zote. Bomba likitikisika, anageuka. Mlango ukijipiga juu, anashika ukuta.

Mhandisi alipopanda alikuwa peke yake kwa kuwa Mwalimu, mwenye magoti mabovu, alibaki chini. Alimsalimia Afadhali kwa tabasamu, akatazama kioo cha chini. Kizima. Cha ghorofa ya kwanza, kizima. Ghorofa ya pili aliinama, akasoma tarehe yake, akapiga kioo kwa ukucha, akasema neno la kufurahi. Kisha akachukua karatasi ya visanduku, akaona alama zimepangana vizuri wiki baada ya wiki, na akaanza kusema, polepole kwa ajili yake. Ukilinganisha na hali za majengo mengine mjini humu, alisema, hili ni zee lenye afya. Nyumba ya bibi yake imeinama tangu hajazaliwa na bado wanakunywa chai ndani yake. Watapiga lipu, watapaka rangi, watu watasahau.

Afadhali alielewa kila neno. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Somo lilikuwa limemkaa, na maneno matamu yalimwingia bila mtafsiri, na mwili mzima ukamwambia pokea. Angenyamaza tu. Hakuna aliyejua isipokuwa mwalimu mstaafu mmoja. Mhandisi aliegemeza karatasi yake ukutani, juu kidogo ya kioo, akaandika mistari miwili, akatia sahihi, akaanza kuifunga kalamu.

Ndani, nyuma ya ukuta, mtoto akalia.

Afadhali akaisema ile sentensi. Iliteleza vibaya, matamshi ya mara sita yote yakapotea, na mhandisi akamtazama kwa upole kama mtu asiyeelewa. Akaisema tena. Kisha akapiga magoti sakafuni, akamwaga vipande, akavipanga viwili viwili mbele ya viatu vyake.

Mhandisi alichuchumaa. Alichukua nusu mbili za kwanza, akaziunganisha, akaona mwandiko wake mwenyewe. Akachukua za pili, akaona tena mwandiko wake, ila haukuwa wake. Tabasamu lilimtoka usoni polepole. Hakumgombeza. Aliuliza tarehe tu, na Afadhali akazitaja: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya kwanza hakuhitaji kuifikiria.

Mhandisi akatoa mfukoni vibapa vya chuma vya kupimia, vyembamba kama karatasi, akaanza kuvisukuma kwenye ufa. Kimoja kikaingia. Akaongeza kinene zaidi, kikaingia. Akaongeza kingine. Alishuka nje upande wa shimo, akakaa huko dakika chache, akarudi akipanda mbio na kofia mkononi. Alikuwa anazungumza na mwenye jengo kwenye simu kwa kasi ambayo Afadhali hakuambulia neno. Alipokata simu, akamwambia polepole: kila mtu atoke, sasa hivi.

Mazoea ni kitu kibaya. Afadhali alijikuta anamuuliza, kwa Kiingereza chake cha Jumanne, ni vibaya kiasi gani ukilinganisha na majengo mengine.

Mhandisi alimwonyesha karatasi. Sijui, alisema. Ufa unaopanuka taratibu kwa wiki sita ni jambo moja, na ufa uliokaa kimya ukapanuka kwa mkupuo wiki hii ni jambo jingine, na wa pili ndio unaoangusha nyumba. Karatasi hii ndiyo ingenieleza ni upi. Sasa nina tarehe tatu za kukumbuka kwa kichwa na kioo ulichokikata wewe. Sina cha kulinganisha nacho.

Afadhali alianza na mlango wa binti yake. Hakueleza. Aliingia, akamwinua mjukuu kitandani na shuka lake, akamwambia mama yake achukue nepi na vitambulisho, asichukue kingine. Binti aliona uso wake akafuata. Walishuka, Afadhali mbele, kifua kimemfunika mtoto upande wa ukuta, akihesabu vidato ambavyo alivijua kwa idadi miaka kumi na minane na leo vilikuwa vingi zaidi. Aliwaacha barabarani mikononi mwa Mwalimu akarudi ndani, akagonga milango. Wapangaji walifungua wakasubiri neno lake la kawaida, na wengine walikwisha kuanza kucheka. Aliwaambia tokeni. Mmoja aliuliza kama ana nafasi ya kuzima jiko, akamwambia zima utoke. Alimbeba mgongoni bibi mmoja wa ghorofa ya tano asiyeweza ngazi. Safari ya mwisho mhandisi alimvuta kwa mkono kumtoa mlangoni.

Adhuhuri ililikuta jengo likiwa tupu na bado limesimama, kamba imezungushwa mbele yake, na watu thelathini na ushei wamekaa kwenye ukingo wa barabara ya pili na mabegi. Mwenye jengo alikuwa amepiga simu. Alisema maneno machache, na Afadhali akafungua funguo kiunoni akampa mhandisi amfikishie. Mkewe, aliyerudi na kapu la sokoni akakuta nyumba yake ng'ambo ya kamba, alikwenda kumtafutia maji ya kunywa bila kumuuliza lolote.

Binti alikuja akakaa karibu naye. Mtoto alikuwa amerudi mikononi mwa babu yake, amelala fofofo, maana makelele ya barabarani hayakumsumbua kama alivyosumbuliwa na usiku.  Watu walikuwa wamekwisha kusikia habari za vioo, na habari husafiri haraka kwenye ukingo wa barabara.

"Baba," alisema, "wanasema ulivibadilisha."

"Ndiyo."

"Asubuhi ulipogonga ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Binti alitazama jengo, dirisha la ghorofa ya pili ambalo pazia lake lilikuwa bado nje linapeperuka.

"Cha kwanza kilivunjika lini?"

Maneno yalimjaa kinywani. Ukuta haujaanguka. Wote wametoka. Mtoto huyu hapa, mzima, analala. Yote yalikuwa kweli na yote alikuwa nayo tayari, na kila alipolitazama moja alimwona mtoto amelala upande wa ukutani, wiki tano, ngumi kwenye lipu.

"Siku aliyozaliwa huyu," alisema. "Nilirudi kuchukua chai yako nikakikuta. Nikabandika kingine usije ukakiona."

 Binti alinyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akainama, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwake. Alimchukua kwa uangalifu, mkono mmoja chini ya kichwa, asimwamshe. Akaenda kukaa na Mwalimu, upande wa pili wa mabegi, na Afadhali akabaki na shuka la mtoto mapajani, bado lina joto.